Mgambo wa Kompyuta Yangu

Nilianza kuuza sangara Kibara bila darasa la tano, na serikali ilipofungua biashara huria nikanunua kompyuta. Humo niliweka uzito wa samaki wa kila mvuvi wangu.

Binti yangu Bhoke, fundi wa kompyuta kule Musoma, alinionya: "Baba, programu ni kama waanika dagaa, kila moja ina eneo lake. Lakini mashine hii haina uzio. Programu mbovu ikimwaga dagaa zake kwa jirani, inaharibu mpaka kiini kinachoendesha kila kitu."

Mimi nikajua mharibifu ni mtu, atapita mlangoni. Nikamweka Marwa, mgambo, na upinde wake.

Siku ya kulipa wavuvi, kompyuta ikaganda. Wakaanza kunguruma. Nikamfokea Marwa mbele yao: "Wewe unalalaga hapa!"

Bhoke akafika na disketi yenye nakala ya uzito wote. Kumbe alikuwa ameiweka mapema. Jamani, yule mtoto ana kichwa! Ili aiingize, akabonyeza kitufe, ikachomoka disketi yangu ya mchezo wa drafti.

"Marwa hana kosa," akasema. "Drafti hii ndiyo imemwaga dagaa kwa jirani. Baba, ulikuwa unashinda lakini?"

Wavuvi wote wakanigeukia.

"Nilikuwa nashinda," nikasema.