Mama Aliyebebwa Kuvuka Mto

Kila Jumamosi gazeti lilitoa kisa cha ushujaa wa zamani, na kila Jumamosi saluni ilikuwa haikaliki. Mteja mmoja alisoma kwa sauti, wenzake vichwa vimo mikononi mwa wasusi lakini midomo iko huru. Na mdomo wa mtu anayesukwa, jamani, hauna breki. Wiki hiyo kisa kiliitwa "Shujaa Aliyembeba Mkewe", na shujaa mwenyewe alikuwa marehemu baba yake msusi wa kiti cha dirishani.

Wenzake hawakujua. Msusi alisikia tu jina la utani la baba yake, Fundi Chuma, likisomwa mbele za watu, na vidole vikaendelea kusuka vyenyewe. Gazeti lilisema kwamba mwaka wa vita, risasi zilipoanza kulia mjini, Fundi Chuma alimkuta mkewe mjamzito ameishiwa nguvu. Akamtia mgongoni, akavuka naye mto maji yakimfika kifuani, huku akimwambia: "Usiogope, mke wangu. Mimi nipo."

"Ee Mungu, na mimi nipe wangu kama huyo!" alisema bibi harusi mtarajiwa aliyekuwa akisukwa na msusi huyo.

"Yaani kwenye visa vyote hivi sisi ni mizigo tu?" aliuliza nesi aliyekuwa akisubiri zamu yake. "Wiki iliyopita kaokolewa, wiki hii kabebwa. Wanawake wa zamani hawakuwa na miguu?"

"Punguza roho mbaya, dada," bibi harusi akamjibu. "Kisa kitamu hicho."

"Kitamu kwa aliyekitunga."

Fundi viatu, ambaye kibanda chake kilikuwa pale pale mlangoni na ambaye hakuna umbea wa saluni uliompita, naye akatia neno. "Hao ndio walikuwa wanaume! Wa siku hizi wabebe nini? Simu?"

Wakaangua kicheko. Msusi hakucheka. Aliuvuta msuko mpaka bibi harusi akapiga yowe.

"Uongo mtupu!" akasema. "Huyo ni baba yangu mzazi, na aliyebeba ni mama."

Akawaeleza kama alivyoelezwa na mama yake mkubwa, aliyekuwa nao siku ile. Mlio wa kwanza uliposikika, Fundi Chuma ndiye aliyetangulia kuruka dirishani. Hakumngoja mtu. Akatua vibaya, kifundo cha mguu kikateguka, akabaki anagaagaa uani. Mkewe, na mimba yake kubwa, akazunguka kwa mlangoni, akainama, akambeba. Mama mkubwa alifuata nyuma na godoro kichwani. Mtoni wanawake wawili wanahema, na bwana mkubwa huko juu analalamika kwamba anatikiswa.

Baada ya hapo mama hakusimama wima tena. Kwa mgongo huo huo uliopinda akafua mashuka ya hospitali, yale ya damu na ya mengine usiyotaka kuyasikia, mpaka alipostaafishwa na macho. Baba yeye kazi yake ilikuwa kuwasimulia wageni. Na kisa, kama ilivyo kwa mtu anayelishwa vizuri, kilinenepa: kwanza walivuka pamoja, baadaye akawa amemshika mkono, mwishowe kambeba. Mama alipita na sinia ya chai katikati ya wageni hao, kimya. Binti yake alipomuuliza alijibu tu, "Huu mgongo unamjua baba yako," akaendelea na shughuli zake.

"Lakini marehemu hasemwi hivyo, dada yangu," bibi harusi akasema.

"Baba yako mzazi!" fundi viatu akadakia. "Hata aibu huna? Una shahidi?"

"Mama mkubwa alikuwepo."

"Yuko wapi?"

"Alishafariki."

"Haya basi," akasema fundi viatu, akarudi kwenye kiatu chake.

Nesi peke yake alimwamini. "Mama yako si yupo? Mpigie huyo mwandishi."

Msusi akapiga. Mwandishi alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia kwamba tangu asubuhi simu yake haijapumzika. "Wasomaji wangu wamelia, dada. Wengine wanasema wanaume wamekwisha duniani. Unataka nikawaambie walilia bure?" Hata hivyo alikubali kitu kimoja. Mama mwenyewe akisema kwa kinywa chake, ataandika.

Hapo ndipo msusi alipopata matumaini, na alikuwa anataka jambo dogo tu. Alitaka kabla mama yake hajafa, watu wamwambie pole na hongera. Gazeti lenyewe hakumsomea, maana alihofia litamchoma moyo. Alimwogesha, akamvalisha nguo nzuri, akamwambia, "Mgeni anakuja kuuliza habari za mto. Mwambie ilivyokuwa, mama. Usimfiche kitu."

Mwandishi alifika Jumapili, mtu wa suruali iliyonyooshwa na maneno yaliyonyooshwa zaidi. Akaketi kando ya kitanda, akamwamkia mama kwa heshima, akasema ni haki mama asikie kwanza kilichoandikwa. Kabla msusi hajatafuta la kusema, mtu ameshaanza kusoma.

Mama alisikiliza, macho yake yenye ukungu yameelekea dari. Mwandishi alipomaliza, msusi akamshika mama goti.

"Hilo la 'usiogope, mke wangu'," mama akauliza, "umelitia wewe?"

"Hapana, mama. Alinieleza mwenyewe mwaka ule aliougua. Alilirudia mara nyingi, na machozi yakamtoka."

"Alisema 'mke wangu'?"

"Kwa mdomo wake."

"Basi ndivyo ilivyokuwa. Alinibeba. Maji yalikuwa mengi."

"Mama!" msusi akaruka. "Mama, sema ukweli!"

"Ndio huo nimeusema. Mpe mgeni chai."

Mgeni hakungoja chai. Alifunga mkoba wake, akamtazama msusi kwa huruma ya mtu aliyeshinda, akaaga na kuondoka zake.

Msusi alishindwa kujizuia. "Kwa nini, mama? Nimegombana na watu kwa ajili yako! Mimi nilikuwa tumboni humo humo! Sasa nani atakujua?"

"Wakinijua watanikanda mgongo?" mama akauliza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi binti yake. "Kubeba nimebeba, mwanangu. Nimembeba yeye, nimekubeba wewe, nimebeba mashuka ya wanaokufa. Nimeshiba kubeba. Baba yako tulikuwa tukivuka barabara tu, yeye ameshafika ng'ambo, mimi bado nakwepa magari. Mke wangu hajawahi kuniita, hata siku moja. Leo nasikia alikaa na mtu asiyemjua, akayasema hayo, akalia. Na hilo nalo unataka kuninyang'anya?"

Msusi alilia kwa uchungu na kwa hasira, hasira ya kumkasirikia maiti. Kesho saluni watamuuliza mama kasemaje, na fundi viatu atakuwa wa kwanza. Gazeti lilikuwa pale pale kitini alipoliacha mwandishi, na alitamani kulichana vipande vipande.

"Soma," mama akasema.

"Umeshasomewa, mama."

"Soma wewe."

Akalichukua, akasoma. Alisoma kwa kukimbia, maneno yanamtoka kama anayatema, amalize yaishe. Risasi, mke aliyeishiwa nguvu, njia ya mtoni. Alipofika pale baba anapoingia majini, mama aliinua mkono kumzuia.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Usimharakishe."