Birika Baina ya Masinia

"Kama jirani ana ziada, kwa nini usiichukue moja kwa moja?"

Swali lilikuwa langu. Nilikuwa nimemuuliza mwalimu kwa sauti ya mtu anayedhani amemkamata mwenzake, naye akanirudishia vile vile lilivyo, mimi nikiwa nimesimama ubaoni, darasa zima nyuma yangu.

Tulikuwa tunasoma mti wa B. Ni namna ya kupanga taarifa nyingi ndani ya kompyuta ili ukitafuta moja uipate bila ya kupekua zote. Kila taarifa ina ufunguo wake, na funguo hukaa katika makundi madogo, kila kundi kwa mfuatano, ndogo kushoto, kubwa kulia. Kundi halitakiwi kujaa kupita kiasi wala kubaki na upungufu. Makundi ya chini huitwa majani. Funguo zilizo juu yake hufanya kazi ya mipaka: unachotafuta kikiwa kidogo kuliko mpaka unashuka kushoto, kikiwa kikubwa unashuka kulia. Mzizi uko juu kabisa. Mti uliosimama kichwa chini, kwa ufupi, na hilo nalo nilikuwa nimeshalilalamikia wiki iliyotangulia.

Kuingiza ufunguo mpya sikuwa na ugomvi nako. Kundi likizidi unalipasua, ufunguo wa katikati unapanda juu kuwa mpaka, na mambo yanaendelea. Kilichonishinda ni kufuta. Ukifuta hadi kundi likapungukiwa, na kundi la jirani lina ziada, kitabu kinasema ufunguo wa jirani upande juu ukawe mpaka, na ule uliokuwa mpaka ndio ushuke kujaza pengo. Mimi niliuona urasimu mtupu.

"Mtu anaomba chumvi nyumba ya pili," nikasema, "chumvi ipitie ofisini kwa sheha?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Haya, dada. Ichukue moja kwa moja, halafu tuambie kitakachoharibika."

Niliutazama ubao mpaka vicheko vikaisha. Sikuona kilichoharibika. Niliweka chaki chini nikarudi kwenye kiti nikiwa bado naamini kwamba hakipo.

Mtihani ulipokuja, swali la kufuta lilikuwa na alama nyingi kuliko yote, nikajibu kwa njia yangu, nikafeli. Nikapewa sapu, ndivyo tunavyouita mtihani wa marudio. Ukianguka na huo unadisko, neno la kuchekesha kwa jambo la kurudi kwenu na mabegi yako moja kwa moja. Nilivuka kuja Pemba likizo hiyo na kitabu kimoja tu, kile kile nilichogombana nacho. Mama alikuwa keshawaambia kijiji chetu kizima cha Vitongoji kwamba mwanawe anasomea kompyuta. Sapu sikumwambia siku tatu. Siku ya nne nilimwambia, akasema, "Weye ungekuwepo Adamu anafundishwa majina, ungeuliza kwa nini mbuzi aitwe mbuzi."

Wiki hiyo shangazi alikuwa anamwoza binti yake. Alikuja barazani kwetu, akakisukuma kitabu changu pembeni kama mtu anayesukuma paka.

"Weye si ndiye msomi wa kupanga watu?"

"Si watu, shangazi. Taarifa."

"Taarifa hazili wali?"

"Hazili."

"Basi hawa wanakula. Njoo unipangie."

Nikamweleza kwamba nina sapu.

"Sapu ndiyo nini?"

"Mtihani wa kurudia. Nikianguka huu, chuo basi."

"Mtihani uko kabla ya harusi au baada?"

"Baada."

"Basi harusi inatangulia."

Masharti yake yalikuwa mafupi. Sinia moja watu wanne. Mtu asile peke yake, kwa sababu mtu kula peke yake harusini ni aibu ya mwenye nyumba. Na watu wazima wasichanganywe na vijana, maana harusi iliyopita bibi mmoja aliwekwa sinia moja na wasichana wenye simu, akaondoka bila ya kugusa pilau, na maneno yake yalimfikia shangazi kabla masufuria hayajaoshwa.

Nilipoyasikia masharti hayo nikakaa sawasawa. Makundi yasizidi kiasi, yasipungue kiasi, yafuate mpangilio. Nikaamua, kwa ubishi tu, kuupanga uwanja wa wanawake kama mti wa B nione utavunjikia wapi. Kama kitabu kilikuwa na uwongo ndani yake, pilau ingeutoa.

Chini ya turubai tulitandika majamvi. Ufunguo wangu ulikuwa mwaka wa kuzaliwa: upande wa kushoto waliotangulia, kulia waliofuata. Baina ya kila sinia na sinia nikamsimamisha mwanamke mwenye birika na bakuli la kunawia, naye ndiye mpaka. Mgeni akimfikia mshika birika, salamu ilitosha. Akimwamkia shikamoo, mgeni ni mdogo, aende kulia. Mshika birika akianza yeye, mgeni ni mkubwa, aende kushoto. Mlangoni aliketi shangazi mwenyewe, mzizi, akiwagawa watu kwa jicho moja.

Ilikwenda vizuri kiasi cha kuniudhi. Sinia ilipopata mtu wa tano, aliye katikati kwa umri aliinuka akapewa birika, wakabaki wawili huku na wawili kule, sinia mpya ikaletwa. Mara moja tu mambo yalikwama. Bibi wawili walikutana mbele ya birika, na kila mmoja akangoja shikamoo ya mwenzake.

"Huyu?" alisema wa kwanza. "Huyu nilimbeba mgongoni."

"Ulinibeba, kwani ulikuwa punda?"

Wakacheka wote wawili, wakaketi ubavu kwa ubavu, na hakuna aliyeamkia.

Halafu kufuta kukaanza. Wageni wa Chokocho walikuja kwa gari la kukodi, na dereva alikuwa na safari nyingine. Akapiga honi, wakanawa, wakaaga, wakaondoka kwa mkupuo mmoja, na masinia yakabaki na mapengo kama meno ya mtoto. Sinia iliyokuwa kushoto kwa mama, aliyesimama na birika, ilibaki na mtu mmoja. Ya kulia kwake ilikuwa na wanne kamili.

Hapa ndipo nilipokuwa napangoja. Sikupitia kwa sheha. Nilimwendea mkazamjomba wangu, mke wa kaka yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa katika ile sinia ya kulia, nikamwomba ahamie kushoto akae na yule aliyebaki peke yake. Akabeba kanga yake, akapita nyuma ya mama, akaketi. Kila sinia ikawa halali. Nilisimama nikatazama. Hakuna kilichoharibika.

Baada ya muda binti mkubwa wa mkazamjomba akaingia amembeba mdogo wake mchanga, anayelia kwa njaa. Akamfikia mama yangu.

"Shikamoo, shangazi. Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Mama yako ni mdogo kwangu, yuko huku." Mama akaelekeza kulia kwa mdomo wa birika.

Binti akatazama kulia, sura moja moja. "Hayupo."

"Basi kaondoka na wa Chokocho."

Binti akatoka mbio hadi njiani na mdogo wake anayelia. Mkazamjomba alikuwa hatua mbili nyuma ya mama, amewapa mgongo, anamenya ndizi. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Mtoto wa nani huyo analia hivyo, masikini?"

Binti aliporudi, kilio kimepanda, mkazamjomba akageuka. "He. Si wangu huyo?"

Mama akamtazama wifi yake, akaitazama sinia, kisha akanitazama mimi.

"Nani kamweka huku?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Yule alikuwa anakula peke yake."

"Si ungenikalisha miye? Tokea asubuhi nimesimama, njaa inaniuma, weye unamrusha mtu juu ya kichwa changu. Ntawaelekezaje watu, mimi nawaambia mdogo yuko kulia, kumbe mdogo umemficha kushoto?"

Alingoja mtoto anyonye, akamkabidhi wifi yake birika, akaketi mahali pa wifi yake kwenye sinia ya kushoto na kuvuta pilau upande wake.

Mimi nilibaki nimesimama na bakuli tupu. Mama ameshuka kushoto. Mkazamjomba amepanda kuwa mpaka. Waliokaa kushoto wote ni wakubwa kwa mshika birika, waliokaa kulia wote ni wadogo kwake, na yeyote atakayekuja kumtafuta mtu ataelekezwa sawa. Kumbe ukimchukua jirani moja kwa moja, yeye haharibiki wala sinia haiharibiki. Kinachoharibika ni neno la aliye katikati. Mtu yupo, amekaa, anakula, na kila anayemtafuta anaambiwa hayupo.

Nilitamani sana ubao na chaki wakati huo.

Nikaenda mwisho kabisa wa kushoto kumalizia kazi, sasa nikiwa na imani na kitabu, jambo jipya kwangu. Huko bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, alibaki peke yake. Sinia ya jirani yake ilikuwa na wawili tu, hawana wa kumpa. Kwa hali hiyo sheria ni kuunganisha: mshika birika ashuke, masinia mawili yawe moja, jumla wanne. Hesabu safi.

"Bibi, tusogee pale kwa wenzako."

"Miye sihamishwi."

"Utakula peke yako, bibi."

"Sijaanza kula. N'nangoja watu."

"Watu gani?"

"Watakaokuja."

Nikamwita shangazi kutoka mlangoni. Akamtazama bibi, akaitazama sinia, na mimi nikamweleza kuhusu aibu ya mwenye nyumba, maneno yake mwenyewe.

"Mwache," akasema. "Magoti yake hayo. Akishaketi kaketi."

"Lakini wewe ndiye uliyesema…"

"Nimesema. Sasa nasema mwache."

Nilimwacha, nikiwa nimenuna. Mti wangu ulikuwa mzima isipokuwa jani moja, na jani hilo lilikuwa limevaa buibui na linatabasamu. Baadaye waliingia wanawake watatu waliochelewa kwa sababu ya maziko kijiji cha pili, watu wazima wote. Mshika birika wa mwisho akaanza yeye kuwaamkia, wakaenda kushoto, wakaketi na bibi, wakawa wanne. Bibi alinyoosha mkono wa kwanza kwenye wali. Nilijiambia ni bahati tu.

Sapu niliifanya wiki mbili baadaye. Swali la kufuta lilikuwepo, na mwalimu alikuwa ameongeza mstari mmoja ambao nadhani ulikuwa wangu: eleza kwa nini ufunguo wa jirani hauchukuliwi moja kwa moja. Nilichora masanduku yangu, nikaandika kwamba anayetafuta ataelekezwa upande ambao ufunguo haupo, na utafutaji utasema haupo ilhali upo. Swali la pili liliuliza la kufanya jirani asipokuwa na ziada. Kalamu ikasita hapo, nikamwona bibi na magoti yake. Kisha nikaandika kinachotakiwa: unganisha.

Nilifaulu. Mama alipopata habari alisema nimpelekee shangazi sahani ya halua, kisha akaniuliza kama sasa nitaacha maswali. Nikamuuliza kwa nini niyaache.

Siku hizi nafanya kazi Chake Chake, katika ofisi yenye kumbukumbu nyingi kwenye kompyuta zisizo na haraka. Ilinichukua miaka, na asubuhi moja ya kusoma maelezo ya programu tunayohifadhia data ili nijue kwa nini inasuasua, kuligundua jambo ambalo hakuna aliyelitaja darasani. Programu hiyo imejengwa juu ya mti wa B, funguo hufutwa humo kila siku, na majani yaliyopungukiwa haiyaunganishi. Jani lililobaki na ufunguo mmoja huachwa pale pale lilipo, pamoja na nafasi zake, mpaka liwe tupu kabisa, kwa sababu walioitengeneza waliona kwamba aghalabu funguo nyingine huja.