Ndala ya Mguu wa Kushoto

Vitalis, mchora mabango wa Mikumi, alikuwa amechora tembo wengi kuliko waliomo mbugani, na wote walikuwa pacha: masikio yale yale, mkonga juu kama mwanafunzi anayeomba kwenda nje. Wenye hoteli waliridhika. Naye aliridhika, maana mtu akisifiwa kila siku kwa kazi ya nusu nusu, ya nini kujisumbua?

Kisha akaja mama mmoja, Costancia, kutoka Rudewa, khanga kaifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kugomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa picha? Nichoree mama yangu."

"Lete picha yake, mama, nitaifuatisha."

"Ningekuwa nayo ningekufuata wewe?"

Mama yake, Naomi, alianika singa, zile nyuzi za mkonge, katika shamba la zamani la Rudewa hadi alipofariki, na hakuacha picha hata moja. Watoto wake walikwisha kuizoea hali hiyo. Lakini sasa kaka yao mkubwa, Yeremia, presha ya macho ilikuwa inamla nuru, na daktari alishasema mwaka hautaisha akiwa anaona. Mzee hakulalamika. Alisema tu kwamba kabla giza halijamfunga, angependa kumwona mama yake mara moja.

Vitalis akaenda Rudewa na daftari. Ndugu watatu walimkalisha kibarazani wakaanza kumsimulia uso wa marehemu.

"Pua yake ilikuwa hii hii yangu," alisema Godfrey, kitinda mimba.

"Hiyo umeitoa kwa baba," alidakia Costancia. "Usimsingizie mama."

Nusura washikane mashati. Vitalis aliandika yote, kisha akarudi Mikumi akafanya alivyozoea. Alichora ubaoni mama mpole, mwenye ngozi laini na tabasamu la kwenye kalenda. Alidhani akichora mama wa watu wote, Naomi naye atakuwamo humo humo.

Alipoipeleka, Yeremia aliusogelea ubao, akatazama kwa muda mrefu.

"Mwanamke mzuri," alisema kwa adabu. "Ni nani huyu?"

Vitalis alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliibeba picha yake akiwa ameifudikiza. Aliumia, na kwa kweli alistahili kuumia.

Wiki mbili alihangaika na ile pua, akipaka na kufuta. Mwishowe akaachana na uso. Akamchora Naomi ameinama kwenye waya za kuanikia, singa zimemwangukia zikaficha nusu ya shavu. Akashuka kwenye mikono, kisha miguuni, na hapo akakwama: habari za miguu hakuna aliyempa. Basi akauachia mkono wake uchore unachokijua. Mkono ukachora kisigino kilichopasuka, kidole gumba kilichotazama nje, na ndala ya mguu wa kushoto iliyokatika mkanda, ikafungwa kwa kamba ya katani yenye fundo kubwa juu.

Aliporudi Rudewa, Godfrey alifungua mdomo ataje pua, akaufunga. Yeremia alisogea mpaka ndevu zikagusa ubao. Akaanza kutazama kutoka chini, kama anavyofanya mtoto mdogo mbele ya mkubwa. Alipofika kwenye fundo, akatulia.

"Hili nilimfungia mimi," alisema. "Mvua ilikuwa inanyesha, na mama anachelewa kazini. Akaniambia, 'Kaza, Yere, kaza.' Nikakaza."

Akapanda taratibu mpaka kwenye lile shavu lililofichwa nusu. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Hakuna aliyeitikia. Costancia alijifuta macho kwa ncha ya khanga, na Godfrey akatoka nje kwenda kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Costancia ndiye aliyemsindikiza Vitalis barabarani.

"Nani alikwambia habari za ile ndala? Hata mimi nilikuwa nimeisahau."

 Vitalis angeweza kudanganya, lakini uongo mbele ya mama yule ulikuwa mzigo. "Si yake, mama. Ni ya mama yangu mzazi, Hildegarda. Nisamehe."

Costancia alisimama. Alimkazia macho, kisha akacheka mpaka akashika magoti.

"Unadhani mama yako peke yake ndiye aliyefunga ndala kwa katani? Wewe! Nani huku hakufunga?" Akajiinua. "Yuko wapi?"

"Masanze."

"Mzima?"

"Mzima."

"Umemwona lini?"

Vitalis alitazama viatu vyake. "Mwaka juzi."

Costancia hakucheka tena. "Kaka yangu ameuamkia ubao leo," alisema, akageuka kurudi kwake.

Masanze ilikuwa njiani kurudi Mikumi, kama ilivyokuwa njiani miaka yote hiyo. Safari hii Vitalis aliomba ashushwe. Alimkuta Hildegarda uani, ameketi kwenye kigoda anapepeta mchele, miguu ameinyoosha juani. Ndala zilikuwa mpya, lakini kidole gumba kilikuwa kimetazama nje vile vile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Hildegarda, ungo ukasimama mikononi mwake. "Mbona unanitazama miguu?"