Kumsubiri Mjapani Atoke

Natamani ningekataa siku ile msimamizi wetu Mjapani, katika kiwanda cha nguo Thika, aliponiambia kwamba kwao mdogo hatoki kazini kabla ya mkubwa. Nilikubali upesi, nikijiona msomi anayejua mambo ya ng'ambo. Wenzangu waliponiona nikibaki kila jioni hadi atoke, walinicheka: “Kijana, kwani umeoa mashine?”

Jumamosi moja wazazi wa msichana niliyempenda waliningoja Ruiru nipeleke posa. Msimamizi alikuwa bado anachora michoro yake, nami nikabaki nikifuta mashine iliyokwisha kung'aa, hadi basi la mwisho likaondoka.

Jumatatu nilipomweleza, alishangaa. “Mbona hukuniaga? Kwetu mwenye shughuli huomba radhi, akaenda.”

Hilo sikuwa nimeuliza. Wazazi walisema nimewadharau, wakamwoza msichana kwa mwingine. Mimi sikuoa kamwe.