Furushi la Imtiaz, Mpaka Fatehpur Sikri

Ijumaa asubuhi, Satwa, mtaa wetu wa kazi huku ughaibuni. Safari hii niliifunga kwa sababu ya maneno ya Imtiaz, fundi cherehani mwenzangu. Miaka mitatu tunalala chumba kimoja, na miaka mitatu ananisimulia Fatehpur Sikri, mji wa kale wa Waislamu karibu na kwao Agra, India. Nilipopata likizo nikasema nikauone kwa macho, huenda nadanganywa.

Natoka, akanipa furushi la kitambaa lililoshonwa pande zote.

"Shuka ya nadhiri, bhai, ndugu yangu. Mzee wangu aliahidi, nikipata mtoto, atalifunika kaburi la walii pale. Haionwi na mtu mpaka ifike kaburini."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Khalas."

Uwanja wa ndege. Watu wamefungwa kwa mizigo ya wengine, hilo si uongo. Ila Imtiaz hajawahi kunificha hata sindano, na hilo nalo niliandike. Kabla ya kupima mizigo nikaingia chooni, nikafumua shubiri moja. Kitambaa cha kijani, pindo la dhahabu. Basi. Nikashona tena kwa uzi uleule wa dukani kwetu, nikajiona fundi.

Jumamosi, Agra. Baba yake Imtiaz, fundi mstaafu, alinipokea stesheni. Tuliongea kwa Kihindi changu cha dukani. Furushi hakulitaja kabisa, nikaanza kumshuku: au ameshajua?

Jumapili, Fatehpur Sikri. Lango refu mpaka shingo inauma, na mawe mekundu ya ua yanaunguza nyayo. Katikati kuna kaburi la marumaru nyeupe, madirisha yake ya mawe yametobolewa kama lesi, na kila tundu lina uzi uliofungwa na mwenye haja yake. Imtiaz hakutia chumvi.

Mlangoni mzee akapitisha kidole kwenye mshono. Kidole kikasimama.

"Hapa mkono umebadilika. Mwanangu hakazi uzi hivi."

Ningeweza kusema ni watu wa forodha. Nikasema, "Ni mimi, mzee. Niliogopa."

Akakaa chini. Nikajua nimeharibu nadhiri ya watu.

"Ulimwambia mtu rangi yake?"

"Hapana."

"Basi jicho lililoiona ni lako tu, nadhiri bado ipo. Umeanza kufumua, malizia. Na mwanangu ukamwambie mwenyewe."

Nikafumua mshono wote. Tukaitandika shuka pamoja juu ya kaburi, yeye kichwani, mimi miguuni.

Jumanne, Satwa. Nilimwambia Imtiaz kabla sijavua viatu.

"Hata mimi nisingebeba kitu nisichokiona," akasema. "Lakini ningekwambia ufungue mbele yangu."

Nadhani sikukosea kushuku. Nilikosea kwenda kushuku chooni. Nilichojifunza ni kuuliza.

Sasa Imtiaz naye anakwenda kwao. Nimempa kanzu niliyomshonea mzee wake, wazi, aikague. Hakuikunjua. Aliishonea furushi mbele yangu, akakata uzi kwa meno, akaitia begini. Sijui ananiamini au ananitia adabu, na mpaka naandika hapa sijamuuliza.