Kadi Namba Kumi na Saba

Siku ya kwanza mwalimu aliwaahidi jambo moja wanafunzi wake wa kisomo, wote watu wazima, ambao baadaye walimbandika jina la Projekta: hapa hakuna atakayeaibishwa. Kila mmoja alipewa kadi ya mraba yenye namba, michoro myeusi katikati na herufi moja kila upande, A hadi D. Swali likitokea ukutani kutoka kwenye projekta, mtu huinua kadi, herufi ya jibu lake ikiwa juu. Mwalimu huipitisha simu mbele yao, nayo huzisoma herufi zilizo juu. Ukutani huonekana idadi ya waliopata, basi. Hata waliozoea kujificha nyuma ya migongo ya wenzao wakaanza kuinua mikono.

Fundi cherehani, mama wa miaka sitini na mmoja, alijiunga wiki ya pili. Mjukuu aliyekuwa akimsomea vipimo vya wateja alikuwa ameolewa mbali, naye hakutaka tena kuazima macho ya mtu. Projekta alimkabidhi kadi namba kumi na saba huku akihangaika na nyaya, akasema, "Utaona wenzako wanavyofanya, mama."

Mwezi wa tatu wa masomo akaja mkaguzi. Alisifu, akasifu tena, kisha akauliza, "Sasa utajuaje nani hasa ameelewa?"

Swali hilo lingeweza kujibiwa baada ya kipindi. Lakini Projekta alikuwa amekwisha kuvikwa kilemba cha ukoka, na kilimkaa vizuri. Akabonyeza. Majina yote ishirini na mawili yakajitandaza ukutani, kijani kwa waliopata, nyekundu kwa waliokosa. Mbele ya jina la fundi kulikuwa na nyekundu tano mfululizo.

"Jirani," seremala mmoja akasema kutoka nyuma, "kumbe suruali zangu unazikata kwa kubahatisha?"

Darasa likacheka. Mkaguzi akaandika kitu, akitabasamu. Mama akailaza kadi mezani, akaifunika kwa daftari, akatoka.

Kwa wiki nzima kiti kilikaa kitupu, na nafsi ya Projekta haikuacha kumsuta. Barua ya pongezi kutoka kwa mkaguzi ilipofika hakuifungua. Jumanne asubuhi aliichukua ile kadi, akaenda kwenye chumba cha kushonea cha fundi, akakuta mkasi ukipita kwenye kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta suruali?"

"Nimeleta makosa yangu."

Akamwomba ajaribu swali moja tu, lile la kwanza la siku ile. Mama akalijibu kwa mdomo, sawasawa, bila kuacha kukata. Kisha akaitwaa kadi na kuiinua. Herufi ya jibu lake ilikuwa chini, imeelekea tumboni mwake.

"Mama, mbona umeielekeza kwako?"

"Kitambaa nakitandika hivyo hivyo, shingo ije kwangu. Kuna namna nyingine?"

Projekta akaketi juu ya rundo la vitambaa. Muda wote simu ilikuwa ikisoma herufi ya upande wa pili, ule wa juu.

"Basi nilikuwa nikipata," mama akasema polepole.

"Ulikuwa ukipata."

"Miezi miwili uko mbele yangu, mwanangu. Ulikuwa ukitazama nini?"

"Simu."

Akamwambia atalieleza darasa kwamba mashine ilikosea. Mama akatikisa kichwa. "Mashine haikukosea. Wala haikuniahidi kitu."

Alhamisi Projekta aliizima projekta, akasimama mbele ya ukuta mtupu na kusema yote: ahadi, mkaguzi, tamaa ya sifa, kadi aliyoitoa bila kueleza inavyoshikwa. Seremala akainamisha kichwa. "Yaani nilimcheka aliyepata," akasema.

Kiti kilikuwa bado kitupu. Jumatatu mama alirudi, akaketi bila kumsalimia mtu. Maswali yalipoanza, hakuigusa kadi. Aliandika jibu daftarini, kubwa kubwa, akaweka kalamu.

"Njoo uone mwenyewe, mwalimu."

Projekta akaiacha simu mezani, akaenda. Tangu siku hiyo humwendea kwa kila swali, na darasa zima humngoja.