Anwari na Diski ya Sauti za Waliotangulia

Watu wa Tukuyu mjini wanamjua Anwari kwa harusi. Ukioa au ukioza, kama huna haraka na unataka picha ambazo hata bibi harusi mwenyewe atazikubali, unaambiwa nenda kwa Anwari, pale juu kidogo ya soko, duka lenye pazia la bluu. Baba yake alifika mjini hapo akiuza vitambaa, na duka lile lilikuwa la vitambaa kabla halijawa studio. Mkewe, Rukia, ndiye anayekaa kwenye kompyuta kuchagua picha na kukata video. Yeye Anwari ndiye wa kutembea na kamera.

Lakini kuna kazi nyingine aliyoifanya kwa miaka mingi, na hiyo hakuibandikia tangazo mlangoni.

Ilianza kwa dada yake, Sophia. Ugonjwa ulipomzidi, Sophia alimwita akamwambia, "Wanangu hawatanikumbuka, bado wadogo. Washa kamera yako nizungumze nao." Anwari akawasha. Sophia akazungumza na kila mtoto kwa jina lake, akacheka, akawakaripia hata kwa makosa ambayo hawajayafanya bado. Watoto walipokua wakaonyeshwa. Mkubwa wao aliitazama video ile akiwa amefunga mlango, akatoka na macho mekundu, akamkumbatia mjomba wake.

Habari ikatembea, kama habari za milimani zinavyotembea. Mgonjwa wa Igogwe akamwita, na mwingine wa Isongole. Wakristo kwa Waislamu, walimwita nyumbani kwao, naye akaenda kwa bodaboda, kamera ameifunga kwa nailoni kwa sababu ya mvua. Hakudai malipo kwa kazi hiyo. Alipewa ndizi, alipewa maparachichi, akarudi nazo. Wengi walimwachia video akae nayo yeye, mpaka mtoto awe mkubwa, kwa maana ndani ya nyumba mambo hayafichiki.

Kisha likatokea la kutokea. Mpiga picha mwenzake aliazima kompyuta ya studio kwa kazi ya harusi, akakuta humo video ya mama mmoja aliyekuwa akiwalaumu shemeji zake kwa majina. Haikupita wiki, ile video ikawa kwenye simu za watu mpaka sokoni. Ukoo wa yule mama ukamwita Anwari, akakaa kwenye kigoda katikati ya wazee, akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Walimsamehe, lakini tangu siku hiyo aliapa kwamba siri ya mtu haitatoka tena mikononi mwake.

Ndipo akamwendea Jairo, fundi wa kompyuta na rafiki yake. Jairo akamtafutia programu ya bure ya kufungia diski. Ukishaifunga, mtu akiichomeka diski kwenye kompyuta haoni kitu. Kompyuta inadhani ni diski tupu, inauliza kama iifomati, yaani iifute na kuiandaa upya. Bila programu ile na bila neno la siri, hakuna aingiaye.

"Ikikuuliza hivyo, kataa," Jairo alimwonya. "Kila mara kataa. Kisha fungua programu, andika neno lako."

Anwari akazihamishia sauti zote za wagonjwa wale kwenye diski moja nyeusi, akazifuta kwingine kote, akaiweka kabatini. Neno la siri hakumwambia mtu, hata Rukia. Rukia alijua kwamba mumewe anarekodi wagonjwa. Video zinakaa wapi, hakuuliza, naye hakumwambia.

Mgonjwa mmoja wa wakati ule alikuwa mama wa mtoto aitwaye Doreen, kule Kisondela. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, aliyechoka lakini hakutaka kuonekana amechoka. Alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba ya mama yake mzazi, Tupokigwe, akajifunga kitambaa kipya kichwani. Akaanza kwa kumsalimu mtoto, akamsimulia siku aliyozaliwa. Halafu akamtazama Anwari.

"Kaka yangu, unaweza kuiacha hiyo kamera peke yake?"

"Naweza."

"Basi nenda migombani kidogo. Yanayofuata ni yangu na mwanangu."

Anwari akaenda. Akasimama kwenye migomba akisikiliza maji ya mfereji, akajizuia hata kugeuza shingo. Alipoitwa akamkuta mama yule amejifuta uso na ametulia. "Mpe akimaliza kidato cha nne," alimwambia. "Si kabla. Kabla ya hapo hataelewa, atachukia bure." Anwari akaahidi. Doreen mwenyewe alikuwa hapo uani, mtoto mdogo, akimfukuza kuku.

Haukupita mwaka mzima, Jairo akaja dukani na habari. "Wale walioitengeneza ile programu wameiacha. Wameandika wenyewe kwamba si salama tena, watu wahamie nyingine."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Ila hakuna anayeiangalia tena. Kompyuta zikibadilika, nani ataitengeneza?"

Anwari akaichomeka diski, akaandika neno lake, na sauti zikafunguka kama kawaida. "Si unaona? Inafanya kazi. Siku ikiharibika tutahama."

Jairo akacheka kwa huzuni kidogo. "Ikishaharibika utahama na nini?"

Walikubaliana kwamba wataifanya baada ya msimu wa harusi. Msimu ukaisha, ukaja mfungo, ikaja Idi, ukaja msimu mwingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo la Anwari halikuuma, kwa sababu kila alipoifungua diski ilifunguka. Jairo akapata kazi Dodoma, akahama na familia. Simu zikawa za Idi na Krismasi, kisha namba ikawa haipatikani.

Doreen alipokuwa kidato cha pili alikuja studio, amevaa sare, viatu vina matope ya njiani. Bibi yake alikuwa amemdokeza.

"Shikamoo, baba. Nimeambiwa una video ya mama."

"Marahaba, mwanangu. Ninayo."

"Naomba niione."

Anwari alimtazama akamwona mama yake kabisa, hata namna ya kusimama. Moyo ulimwambia ampe. Lakini ahadi ni ahadi. "Mama yako alisema ukimaliza kidato cha nne. Vumilia kidogo, haiendi popote."

Binti hakubisha. Alishukuru, akaondoka. Siku ile diski ilikuwa nzima, na kompyuta ya zamani ilikuwa bado inawaka.

Kompyuta ile ilikufa baadaye, ikiwa imezeeka hasa. Wakanunua mpya. Anwari akajaribu kuingiza ile programu ya Jairo, kompyuta ikaikataa, ikasema haiendani nayo. Akajaribu tena, ikakataa tena. Akampigia Jairo, hakumpata. Basi akairudisha diski kabatini akisema atatafuta fundi Mbeya akipata nafasi. Rukia alipomuuliza siku moja ile diski nyeusi ni ya nini, yeye akiwa anavaa viatu kuwahi kazi, akamjibu, "Ile haisomi." Akatoka.

Neno hilo moja ndilo linalomrudia mpaka leo. Angeweza kusema, "Ile usiiguse." Yangekuwa maneno machache vilevile.

Msimu wa harusi ulipofika, nafasi ya kuhifadhi video ikawaishia. Anwari alikuwa Isongole kwenye sherehe ya kipaimara. Aliporudi, Rukia alimkaribisha kwa furaha.

"Nimepata pa kuweka harusi ya jana. Ile diski uliyosema haisomi, nimeifomati, imepona."

"Ipi?"

"Nyeusi ya kabatini. Niliiacha ifute yote taratibu, si ile ya haraka, ili kama ina ubovu uonekane. Imemaliza mchana, haina ubovu wowote."

Anwari akakaa kwenye kiti cha wateja wa picha za pasipoti, mbele ya kitambaa cheupe, koti la mvua bado mwilini.

"Kwani ilikuwa na nini?" Rukia akauliza, sauti imepungua.

Alipomweleza, Rukia alijifunika uso kwa mtandio. Akalia akisema ameua watu mara ya pili. Anwari akamwambia hapana, si wewe, ni mimi. Alisema hivyo kwa sababu alijua ndivyo ilivyo. Mke hawezi kulinda asichoambiwa.

Wakaipeleka Mbeya kwa fundi mmoja kijana anayeitwa Godwin. Akaichukua, akahangaika nayo siku kadhaa, akawaita.

"Mzee, neno la siri unalo, lakini hakuna tena cha kufungua. Imefutwa mwanzo mpaka mwisho, na harusi imewekwa juu yake." Akairudisha diski mezani. "Ungeileta kabla, hii ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Ile programu waliiacha, kweli, lakini wengine waliiendeleza wakatoa nyingine iliyoweza kufungua diski za namna ile. Ningeifungua, tukahamishia pengine, basi."

"Mchana mmoja," Anwari akarudia.

"Ndiyo, mzee."

Wakapanda basi la kurudi Tukuyu. Rukia alimshika mkono, naye akauacha ushikwe.

Doreen alikuja baada ya kumaliza mitihani, kama mama yake alivyotaka. Safari hii alikuja na bibi yake, Tupokigwe, aliyevaa kitenge cha kanisani. Walikuwa wamejiandaa. Anwari aliwakaribisha ndani, Rukia akaleta chai. Katika siku zilizotangulia, wazo baya lilikuwa limemjia: aseme anayakumbuka yote, atunge maneno mazuri ya mama kwa mwanawe. Nani angejua? Lakini alipomwona binti amekaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini, akajua hawezi. Kumwekea marehemu maneno mdomoni ni wizi wa pili.

Akawaeleza. Hakumtaja Rukia kwa ubaya. Alisema, "Niliambiwa mapema nihame, sikuhama. Nikaiacha siri ya mama yako kwenye kufuli ambalo waliolitengeneza walishalitupa. Sina. Imepotea."

Doreen akauliza, "Lakini wewe ndiye ulirekodi. Alisema nini?"

"Alikusalimu. Akasimulia siku uliyozaliwa: mvua ilikuwa kubwa, daraja la miti lilichukuliwa na maji, akabebwa kwenye machela na wanaume wa jirani, nao wakateleza naye matopeni. Alicheka sana hapo. Alisema ulizaliwa unapiga chafya."

"Halafu?"

"Halafu alinitoa nje. Alisema yanayofuata ni yake na yako. Nikaenda migombani."

"Hukusikia hata neno?"

"Sikusikiliza, mwanangu."

Binti akainama. Aliponyanyua uso hakuwa analia. "Nilikuja nikiwa kidato cha pili," alisema.

"Naam. Ulikuja."

"Ilikuwepo."

"Ilikuwepo."

Bibi yake, ambaye Kiswahili chake ni cha kuchanganya, akasema kwa upole, "Ndaga, baba, umesema kweli," kwa namna ya kushukuru iliyo ya kwao. Lakini Doreen alikuwa ameshasimama. Chai yake haikuguswa. Mlangoni aligeuka, Anwari akadhani atamtukana, na angeona nafuu kutukanwa. Yeye akaaga tu, "Kwaheri, baba," na kutoka mvuani bila kumngoja bibi.

Baada ya hapo Anwari hakuwangoja wengine waje. Aliwafuata makwao, mmoja baada ya mwingine. Andongwisye wa Isongole, aliyefiwa na mkewe, alikuwa akichimba viazi, akasikiliza akiwa ameegemea jembe, akasema, "Mimi nilikuwa naogopa kuitazama. Sasa sitaogopa tena," halafu akaendelea kuchimba, na Anwari hakujua kama amesamehewa. Nyumba moja ya Igogwe walimfungia mlango. Mpwa wake mwenyewe, mkubwa wa Sophia, alimwambia kwenye simu kwamba anaikumbuka yote kwa moyo, lakini akakata kabla ya kuaga. Wale walioishi mbali aliwapigia.

Siku hizi akiitwa na mgonjwa anakwenda bado, ila video haibaki kwake. Inabaki kwa mtu ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua, na nakala kwa mtu wa pili, na Rukia anajua ni akina nani. Watu wanasema ni utaratibu mzuri. Yeye hugeukia kamera yake.

Doreen yuko chuoni Mbeya, anasomea uuguzi. Akiwa likizo hupita mbele ya studio, humwamkia kwa adabu, "Shikamoo, baba," naye huitika, na hawajawahi kuvuka hapo.

Amebaki mmoja ambaye Anwari hajampata ili amweleze. Anaitwa Lusungu, mwana wa mwalimu mmoja, aliyeachiwa maneno na baba yake kwenye diski ile. Wanasema yuko Chunya kwenye machimbo, wengine wanasema alishavuka mpaka. Namba yake hakuna anayeijua. Kijana yeyote mgeni akisimama mlangoni na kuuliza, "Hapa ndipo kwa Anwari?", mzee huweka kamera chini kwanza, kisha ndipo hujibu. Mpaka sasa wote wametaka picha za pasipoti.